Namna ya kumaliza barua pepe ya kazi: maneno ya kuagia na saini yenye manufaa

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya utawala katika kampuni za pembejeo za kilimo, kwanza Kisumu na sasa Nakuru, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita katika kusoma na kujibu barua pepe za wenye agroveti (maduka ya pembejeo na dawa za mifugo) wa Bungoma na Busia, wasafirishaji, wakaguzi wa hesabu na wauzaji wa ng'ambo. Wanagenzi wanaoletwa ofisini huniuliza sana namna ya kuanza barua. Mimi huwaelekeza kwanza kwenye mwisho wake, kwa kuwa hapo ndipo mpokeaji anapotafuta mambo mawili: ni nani atakayewajibika kwa yaliyoandikwa, na yeye mwenyewe anatakiwa kufanya nini baada ya kuyasoma.

Jambo hili la pili hukaa katika sentensi ya mwisho kabla ya jina. "Nasubiri jibu lako" haimsaidii mtu, lakini "Naomba unithibitishie idadi ya magunia kabla ya Alhamisi saa sita mchana, ili lori lipakiwe Ijumaa asubuhi" inamwonyesha linalotakiwa, wakati wake na sababu yake. Vilevile tuitumie kwa uangalifu kauli ya "natanguliza shukrani". Unapomwomba mwenzako nakala ya ankara, kauli hiyo ni ya heshima na haina tatizo. Unapomwomba mteja akubali kucheleweshewa malipo yake kwa mwezi mzima, iache, kwa sababu unamshukuru kwa jambo ambalo hajaliamua, naye ataona kwamba umekwisha kumwamulia. Hapo ni afadhali kuandika kwamba unafahamu ombi lenyewe ni zito, na kwamba uko tayari kulizungumzia kwa simu.

Kuhusu maneno ya kuagia, ninashauri yalingane na salamu ya mwanzo. Aliyefungua kwa "Kwa Mkurugenzi wa Ununuzi" amalize kwa "Wako mwaminifu", kama tulivyofundishwa shuleni. Mtindo huo bado unafaa kwa maombi ya kazi, zabuni, malalamiko na barua kwa ofisi za kaunti. Kwa mteja unayeandikiana naye kila wiki, "Wasalaam", "Ahsante" au "Nakutakia kazi njema" hutosha. Mtu mzima akikuandikia kwa urasmi, mjibu kwa urasmi uleule hata kama wewe ungependa wepesi zaidi. Wateja wetu wa Mwanza husalimia kwa kirefu na kuaga kwa kutakiana heri, na jibu la "Sawa" peke yake, lisilo na jina wala salamu, linaweza kusomwa huko kama hasira. Mazungumzo yakishaendelea siku hiyohiyo, jina lako la kwanza linatosha.

Kuna jambo jingine linalonikera kwa dhati: barua iliyoandikwa kwa Kiswahili kizuri kisha ikamalizika kwa Kiingereza, eti kwa sababu ndivyo programu ilivyopangwa. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo hakuna sababu ya Kiswahili kuishia mlangoni mwa saini. Gmail na Outlook zote mbili zinaruhusu kuhifadhi saini zaidi ya moja. Tengeneza moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, kisha uchague kulingana na barua.

Sasa nije kwenye suala ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote, yaani kuandika kwa niaba ya mwingine. Katika ofisi nyingi za huku kwetu mhazili ndiye anayefungua barua pepe za meneja na kuzijibu, na mara nyingi humaliza kwa jina la meneja mwenyewe. Katika kampuni moja niliyofanya kazi zamani, mwenye duka kutoka upande wa Busia alifika kaunta akiwa na karatasi aliyochapishiwa kwenye duka la intaneti. Karatasi hiyo ilisema mbegu zake za mahindi zimetengwa bohari, na chini yake palikuwa na jina la meneja. Meneja alikuwa likizoni na hakuwahi kuiona barua hiyo. Bohari haikuwa na mbegu, msimu wa kupanda ulikuwa umeanza, na yule mzee alisimama pale akionyesha jina kwa kidole, akiuliza kama mtu huyu yupo au hayupo. Aliyeiandika hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amefuata desturi ya ofisi. Hata hivyo mteja alikuwa amesafiri kwa kuliamini jina la mtu ambaye hakujua lolote. Tangu hapo nasisitiza kwamba jina la kwanza katika saini liwe la yule aliyeandika, na chini yake pawe na maneno "kwa niaba ya Meneja wa Mauzo", kama barua za karatasi zinavyofanya kwa kifupi cha k.n.y. Heshima ya meneja haipungui hata kidogo, na mteja hujua ni nani wa kumuuliza.

Katika saini yenyewe, anza na jina kamili linaloeleweka na mgeni. Sisi tunajua kwamba Atieno ni mwanamke na Otieno ni mwanamume, lakini mnunuzi wa maua aliyeko Uholanzi hajui, na isitoshe wanawake wengi hutumia jina la Otieno kama jina la baba au la mume. Kutanguliza Bi. au Bw. kunamwepusha kukisia. Kisha andika cheo, kampuni, na nambari ya simu ikianza na +254, bila ile sufuri ya mwanzo. Nimeona saini nyingi zenye +254 ikifuatwa na sufuri, na anayepiga kutoka Kampala akiifuata ilivyo huenda asimpate mtu. Sanduku la posta na msimbo wake, 40100 kwa Kisumu au 20100 kwa Nakuru, viweke ikiwa kampuni yako bado hupokea barua za karatasi.

Mwongozo wa adabu za mtandaoni uliotolewa mwaka 1995 kwa jina la RFC 1855 ulishauri saini isizidi mistari minne, kwa sababu watu wengi walilipia muunganisho kwa dakika. Sababu hiyo ina maana hata leo kwa mwenye duka anayesoma barua zake kwa simu akitumia data aliyoinunua mwenyewe. Kwa hiyo sipendi saini iliyotengenezwa kama picha yenye nembo, rangi na nambari zote ndani yake. Programu nyingine huzuia picha, nyingine huionyesha kama kiambatisho, na nambari iliyo ndani ya picha haipigiki kwa kuigusa. Nembo ndogo inakubalika, mradi maelezo ya lazima yawe maandishi.

Shahada nazo zichujwe. Mhasibu au mhandisi aliyesajiliwa na aonyeshe sifa hiyo, kwa kuwa inamwambia mpokeaji kwamba aliyeandika ana mamlaka ya kitaaluma juu ya jambo hilo. Shahada ambayo bado unaisomea haimsaidii. Aya za Maandiko ni suala la moyo, nami ni mtu wa imani, lakini saini ya kampuni hujibandika yenyewe chini ya kila barua, na aya ya Zaburi chini ya barua ya kudai deni inamwumiza mdaiwa na kuishusha aya yenyewe. Ilani ndefu ya usiri usiitegemee sana: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na kuhakiki anwani kabla ya kutuma nambari ya kitambulisho cha mtu kunamlinda kuliko aya tatu za onyo.

Barua za rambirambi zinahitaji uangalizi wa pekee, kwani ofisini huziandika mara kwa mara. Futa saini yote pamoja na tangazo la mbolea lililo chini yake, usiandike "Wako mwaminifu", na umalizie kwa jina ambalo mfiwa hukuita nalo. Kwa kuwa saini hujirudisha yenyewe katika kila barua mpya, fungua mipangilio ya Gmail na uongeze muda wa kutengua utumaji kutoka sekunde 5 hadi 30, ili upate nafasi ya kuirudisha barua ukiona tangazo limebaki.