Maswali ya sheria: Polisi walinishika bure, nidai vipi?

Swali: Nilishikwa stejini Ijumaa, Machi 14, 2025, saa moja jioni, pamoja na abiria wengine. Hatukuambiwa kosa. Nilitolewa Jumatatu mchana bila kufikishwa kortini, baada ya ndugu yangu kutuma Sh5,000 kwa simu. Sasa imepita miezi minane. Naweza kuwashtaki kwa kunifungia zaidi ya saa 24? – Kondakta, Kiambu

Jibu: Kudai unaweza, ila usiegemeze kesi kwenye hizo saa 24. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinasema saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, polisi wana hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Zako ziliisha Jumamosi jioni, kwa hivyo walikuwa na hadi Jumatatu korti ifungwe. Mwanya huu ndio unaoipa kamatakamata ya Ijumaa ladha yake, na inauma kuona watu wakiulipia kwa siku tatu za seli.

Nguvu yako iko kwingine. Kifungu hichohicho kinataka uambiwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, umeshikwa kwa nini. Tena kifungu cha 36 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai kinamwagiza mkuu wa kituo, akiona huwezi kufikishwa kortini ndani ya saa 24, akuachilie kwa bondi isipokuwa kosa ni zito. Bondi ya polisi haina malipo, na dhamana ya pesa taslimu hutolewa risiti rasmi. Taarifa ya M-Pesa ya ndugu yako, yenye saa na jina la mpokeaji, ichapishwe leo.

Kisha tafuta nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. OB 27/14/3/2025, kwa mfano, ni tukio la 27 kuandikwa siku hiyo. Kwenye mstari huo ndipo panapofaa kuwa na jina lako, saa uliyoingizwa, kosa na afisa aliyekuleta. Mwandikie mkuu wa kituo uombe nakala, ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: majibu hayapaswi kupita siku 21. Baki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jina lako lisipokuwemo, hilo nalo ni ushahidi, na hapo utawahitaji mliolala nao seli moja. Watafute mapema, kwa maana watu huhama na nambari hupotea.

Kinachoua kesi nyingi za aina hii ni kalenda. Madai ya kawaida kama yako dhidi ya serikali lazima yafunguliwe ndani ya miezi 12, na wewe hesabu tangu siku uliyoshikwa, si siku uliyotoka. Kutojua sheria hakuongezi muda. Kulalamika IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, ni vizuri, wanaweza kumchunguza afisa mwenyewe, lakini malalamiko hayo hayasimamishi kalenda, na amri ya fidia hutoka mahakamani. Mshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu. Kituo cha polisi hakishtakiki. Ombi la kikatiba Mahakama Kuu halina kikomo hicho cha mwaka, ila ukikawia jaji atakudai maelezo.

Swali: Korti iliniachilia chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai baada ya miaka miwili. Wakili anasema nimechelewa kudai. Ni kweli? – Mama Baraka, Nakuru

Jibu: Nusu ni kweli, mama. Dai la kukamatwa na kufungiwa limepitwa. Dai la kushtakiwa kwa nia mbaya ni jingine: miezi yake 12 huanza kesi inapoisha kwa faida yako. Kifungu cha 210 kinakufaa, maana hakimu aliona huna hata kesi ya kujibu. Angekuwa ametumia kifungu cha 87(a), cha kuondoa kesi, ungebaki katika hatari ya kushtakiwa upya.

Ila kuachiliwa peke yake hakutoshi. Lazima uonyeshe kwamba polisi hawakuwa na sababu ya maana ya kukushtaki na kwamba walikuwa na nia mbaya. Omba nakala ya mwenendo wa kesi iliyothibitishwa, usome ukurasa ambapo mpelelezi anahojiwa na upande wako. Akikiri hapo kwamba hakufika mahali pa tukio, au alikataa kuandika maelezo ya shahidi wako, pigia mstari. Na risiti za wakili zikusanye zote, kwa sababu gharama isiyo na risiti korti huitupa.

Swali: Mwanangu alichukuliwa na watu wenye silaha. Vituo vyote vinasema hawanaye. – Baba, Mombasa

Jibu: Mzee wetu, usingoje saa 24. Nenda Mahakama Kuu leo uombe amri ya kumleta mbele ya jaji, akiwa hai au la. Haki hii haiwekewi mipaka, kwa kifungu cha 25 cha Katiba. Cha 22 kinakuruhusu kumwombea mwanao, hakuna ada ya kufungua, na jaji anaweza kupokea hata karatasi isiyo rasmi. Katika kiapo andika saa, mahali, nguo alizovaa, nambari ya gari na aliyeona. Kila kituo unachofika, kataa kuondoka bila nambari ya OB ya taarifa yako.