Harpoon zangu zinatunguliwa zote

SWALI: Shikamoo kaka. Kwenye DCS World, ule mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za kivita, narusha Harpoon (kombora la kupiga meli) moja moja kutoka kwenye ndege ya F/A-18C, lakini ile meli ya kivita ya Kirusi, Moskva, inazidungua zote kabla hazijafika. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Moja moja? Unamlisha adui kwa kijiko! Harpoon haifikii kasi ya sauti, na Moskva ina makombora ya S-300F ya masafa marefu, ya Osa ya karibu, tena na mizinga ya AK-630. Ielemee: beba nne, alika wenzako, mrushe kutoka pande mbili ili zifike kwa pamoja. Ruka chini sana, rada yake isikuone mapema. Ukitumia BOL, yaani kurusha kwa kufuata mwelekeo tu, angalia kwanza nani yuko njiani. Kombora halijui bendera. Linaweza kuivamia meli ya kwenu.