Mazombi na maduka: tazama walio hai

Ndugu, umeuliza inakuwaje filamu ya mazombi, yaani maiti wanaotembea, damu tupu, isemwe inakosoa ulafi wa kununua. Chukua Dawn of the Dead ya George Romero (1978), iliyopigwa usiku ndani ya jengo la maduka la Monroeville Mall, Pennsylvania, Marekani, wateja wakishaondoka.

Usihangaike na maiti. Fuata wale wanne walio hai, waliokimbilia humo. Wanaziba milango kwa malori, wanasafisha jengo, kisha wanajichotea: nguo, televisheni, hata noti za benki ambazo hazina tena pa kutumika, huku wakipozi mbele ya kamera ya ulinzi. Chini, mazombi wanayumba kwenye ngazi za umeme, na ule muziki laini wa dukani unaendelea kupiga. Stephen, mmoja wa wale wanne, anaeleza kwamba ni kumbukumbu ya mazoea inayowarudisha hapo. Sasa subiri. Genge la pikipiki likivamia, Stephen huyohuyo anafyatua risasi kutetea mali ambayo hakuilipia, na hilo ndilo linalomponza. Akishageuka zombi, miguu inampeleka moja kwa moja hadi kwenye ukuta bandia unaoficha makazi yao. Mazoea yaleyale!

Wengi hukosea kwa kusubiri hotuba ya kuukosoa ulafi huo. Angalia picha zinavyounganishwa: uso wa sanamu ya kuvalishia nguo, kisha uso wa zombi.

Katika toleo jipya la filamu hii, la 2004, mazombi wanakimbia. Linatisha kweli, ila kwangu makali yamepungua: anayetimua mbio hana muda wa kuzubaa mbele ya vioo vya duka.