Usimwulize Bibi Kama Anatumia Dawa za Kienyeji

Wadogo zangu interni, kila kundi jipya linakuja na swali lilelile: "Bibi, unatumia dawa za kienyeji?" Bibi anasema hapana, faili linaandikwa "hakuna", warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, inatoka dirishani. Mkobani mwake mna chupa ya mafuta ya habasoda kutoka soko la Ngamiani.

1. Hajadanganya. Kwa mtu wa Tanga habasoda ni sunna, uwatu ni wa mzazi, tangawizi na mdalasini ni chai. Dawa ya kienyeji ni ya mganga. Basi taja kimoja kimoja: "Shikamoo bibi. Asubuhi kabla ya chai unakunywa nini? Unga wa mlonge je? Kijiko cha chai au cha chakula? Tangu lini?" Andika jina, kiasi na tarehe aliyoanza. Kliniki ijayo aje na chupa yenyewe.

2. Hili ndilo linaloniuma, maana sote tumelifanya. INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, imesoma 2.4, lengo lake ni 2 hadi 3, mnamwambia yuko salama. INR haipimi chembe sahani, zile chembe za damu zinazoshikamana kuziba jeraha! Kitunguu saumu kinachopondwa punje kwa punje kila alfajiri, tangawizi iliyokolezwa, vidonge vya mmea wa ginkgo: hivi vinaweza kuzizuia chembe hizo zisishikamane. Namba inabaki nzuri huku fizi zikivuja. Kwa hiyo mwangalieni mtu, si karatasi tu. Ulizeni kama mswaki unatoka na damu. Ombeni ruhusa, mikono ya baibui ipandishwe, tafuteni mavilio ambayo hakumbuki alijigonga wapi. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au ameanguka akapiga kichwa: kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama anasema hajambo. Na msimkataze kitunguu cha mchuzi, hicho si tatizo.

3. Mlonge, kisamvu na mchicha vina vitamini K inayosaidia damu kuganda, hivyo vinavuta INR chini. Ale, ila kiasi kisibadilike wiki hadi wiki. Balaa huanza hivi: ameanza unga wa mlonge, INR imeshuka, dozi inapandishwa bila kumwuliza. Mwezi ujao unga umeisha, dozi bado ni ile kubwa, damu inamtoka puani.

4. Makopo ya dawa lishe: soma orodha ya nyuma, jina la mbele halikwambii kitu. Ukiona St John's wort, mmea wa dawa, simama hapo. Inalichochea ini livunje warfarini haraka, na rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, pia haisalimiki.

5. Akianza au akiacha chochote, rudia INR baada ya siku 5 hadi 7. Warfarini huchukua kama saa 40 kupungua nusu mwilini, na vigandishi vya zamani, protini zinazogandisha damu, huisha polepole. Kipimo cha kesho yake bado kinasoma hali ya jana.

6. Dawa ya kuchua magoti. Hakuna anayeitaja, kwa sababu hainywewi. Yenye methili salisileti hupenya ngozini na kupandisha INR.