Anayelia usiku Marangu, na maswali mengine ya wanyama

*Mwalimu, shikamoo. Huku kwetu Marangu, karibu na msitu, usiku kuna kitu kinalia kama mtu anayekabwa. Bibi anasema ni mzimu. Watoto hawataki tena kwenda chooni. Ni nini?* (Mama wa watoto watatu)

Marahaba, mama. Huyo ni perere. Ana ukubwa wa sungura, manyoya mazito, mkia hauonekani, na mchana hujificha kwenye tundu la mti. Usiku dume hutangaza kwamba mti ule una mwenyewe: huanza kwa mikwaruzo ya polepole, kama mlango usiotiwa mafuta, kisha sauti hupanda na kupanda mpaka ikawa ukelele. Mwenzake hujibu kutoka mti wa pili, na usingizi ndio basi tena. Mimi nilipomsikia mara ya kwanza nilikagua komeo mara mbili, na siku hiyo nilikuwa tayari nafundisha baiolojia.

Ukimtazama utasema ni panya buku, au sungura aliyekatwa masikio. Lakini ndugu zake wa karibu walio hai leo ni tembo na nguva! Yeye na binamu yake pimbi, yule anayeota jua kwenye miamba, wana kucha bapa zinazofanana na kwato, isipokuwa ukucha mmoja wa mguu wa nyuma ambao ni wa kujichania. Meno mawili ya mbele ya juu hayaachi kukua, kama pembe za tembo, ambazo nazo ni meno. Korodani za dume zimo ndani ya tumbo, vilevile kama za tembo. Na mimba ya pimbi huchukua miezi saba hadi minane, wakati sungura humaliza kwa mwezi mmoja tu. Waambie watoto wanaogopa mlio wa ndugu wa tembo. Bibi mwache na mzimu wake.

*Mjomba anang'ang'ania nyumbu ni mtoto wa punda na farasi. Mimi ni dereva wa watalii, nyumbu nawaona Ndutu kila Februari wakizaa, na farasi hata mmoja sijamwona pale. Tumewekeana chai na chapati.* (Ngaramtoni)

Lipeni nusu kwa nusu. Jina ni moja, wanyama ni wawili. Nyumbu wa mjomba, ambaye wengine humwita baghala, huzaliwa punda dume akimpanda farasi jike. Farasi ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) 64, punda 62, mtoto anapata 63, na idadi hiyo isiyogawanyika sawa ndiyo sababu kubwa ya yeye kuwa tasa. Nyumbu wako ana pembe, kwato zilizopasuka na anacheua; ukoo wake ni wa kongoni. Wa kwako anazaa kila mwaka, wa mjomba hazai. Hilo lingetosha kuwaamua.

*Ni kweli fisi ana jinsia mbili? Na kwa nini hawindi, anangoja mabaki tu?* (Mfugaji, Monduli)

Yote mawili si kweli, ingawa la kwanza silaumu mtu kuliamini. Fisi madoa jike ana kisimi kilichorefuka mpaka kikafanana na uume, na chini yake kuna uvimbe unaofanana na pumbu. Hupandwa kupitia hapo na kuzaa kupitia hapo hapo. Uzazi wa kwanza ni mateso, na watoto wengi hufia njiani. Jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye mtawala wa kundi. Dume aliyehamia hula mwisho, akibakiziwa.

Kuhusu uwindaji, katika miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia fisi wa kreta ya Ngorongoro usiku. Mara nyingi fisi ndio walioua, simba akaja kunyang'anya. Watalii hufika asubuhi, wanamkuta simba juu ya mzoga na fisi wamekaa pembeni, wanampa sifa mwizi. Na fisi si mbwa, ndugu yangu. Yuko upande wa paka na nguchiro.

*Popo ni ndege?* (Kidato cha pili, Majengo, Moshi)

Hapana, mwanangu. Ana manyoya ya nywele, huzaa, hunyonyesha. Bawa lake ni ngozi iliyotandazwa juu ya vidole virefu.

*Nimehamia Arusha kutoka Dar. Kondoo wa huku hawana sufu, kila nikienda mnadani nawachanganya na mbuzi. Nitofautisheje?*

Tazama mkia. Wa mbuzi ni mfupi na husimama juu. Wa kondoo huning'inia, na wa kondoo wa Kimasai hunenepa kwa mafuta. Usiwadharau kwa kukosa sufu: wale wekundu wanahimili minyoo ya tumbo kuliko kondoo wengi wa kigeni wenye sufu. Ukinunua wa kufuga, chukua hao.