Mafuta ya karafuu na fangasi wa kinywani: yatumike wapi, yasitumike wapi

Kwetu Pemba chupa ndogo ya mafuta ya karafuu haikosekani nyumbani, na mwenye maumivu ya jino huikimbilia kabla ya kitu kingine. Ndiyo maana mtu akiota utando mweupe ulimini, majirani humwelekeza kwenye chupa hiyo hiyo. Nimemuuguza mama yangu mzazi, mwenye kisukari na meno bandia ya juu, maradhi haya yakimrudia mara kwa mara, na nayaandika haya kwa ajili ya wenye wagonjwa wa namna hiyo.

Fangasi wanaohusika zaidi, Candida albicans, huishi kinywani mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Huzidi pale wanapopata nafasi: sukari ikipanda, antibayotiki zikitumika, dawa ya pumu yenye steroidi ikivutwa bila mgonjwa kusukutua baadaye, kinga ikishuka kwa sababu ya VVU, au mtu akilala na meno bandia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mafuta gani yapakwe, ulizeni kwanza nini kimewapa fangasi nafasi hiyo. Mama hakuwa na utando mweupe hata kidogo. Alipovua meno, kaakaa lilikuwa jekundu na linang'aa, na wekundu huo uliishia pale pale ulipoishia ukingo wa bamba la meno. Daktari wa meno alilitazama bamba kabla hajamtazama mgonjwa, kwa kuwa fangasi hujijengea tabaka lenye kunata juu ya plastiki, na humo ndimo wanamotoka kila wanapoonekana wameisha.

Sifa ya karafuu si ya uongo. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni yujenoli, ambayo huharibu utando wa nje wa seli ya fangasi, na katika maabara jambo hili limeonekana mara nyingi. Lakini kinywani mate huosha kila kinachopakwa, na majaribio kwa wagonjwa wenyewe ni machache. Moja ninalolithamini, ingawa si la karafuu, lilichapishwa Marekani mwaka 1998: wagonjwa 13 wa UKIMWI, ambao fangasi wao walikuwa sugu kwa flukonazoli, dawa ya kuua fangasi, walisukutua kwa dawa ya maji yenye mafuta ya mti wa melaleuka, yaani yale yaitwayo kwa Kiingereza "tea tree". Baada ya wiki 4, kati ya 12 waliopimwa, 8 walipata nafuu, na 2 miongoni mwao walipona. Ni matokeo ya kutia moyo, ila kundi lilikuwa dogo, na halikuwepo kundi jingine la kulinganisha.

Nyumbani tulishika dawa ya hospitali kwanza. Nistatini ya maji hutumiwa mara 4 kwa siku, nayo hukaa kinywani kwa muda kabla ya kumezwa, na huendelezwa kwa saa 48 baada ya dalili kuisha. Mgonjwa akiandikiwa vidonge vya flukonazoli, ataje dawa zake zote, kwani huweza kuongeza nguvu ya baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamidi, hata sukari ikashuka kupita kiasi. Meno yalivuliwa kila usiku na kusuguliwa kwa brashi na sabuni, na naamini hilo lilimsaidia mama kuliko lolote tulilolipaka.

Karafuu tuliiacha kuwa msaidizi, kwa idhini ya daktari: tone moja ndani ya kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, linasukutuliwa kisha linatemwa. Maji hayafai kuyachanganyia, kwa sababu mafuta haya huzama bila kuchanganyika nayo, na huunguza nyama laini ya mdomo. Tena karafuu hutia ganzi, hivyo maumivu yanaweza kutulia huku fangasi wakiendelea.

Watoto wachanga msiwapake kabisa. Uingereza iliripotiwa mwaka 1993 habari ya mtoto wa miaka 2 aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10 za mafuta ya karafuu, akapata degedege, akazimia na ini lake likaharibika. Ilibaki kidogo afe. Chupa ikae juu, mbali na mikono yao.

Mtu mzima ambaye utando unamrudia bila sababu kujulikana apimwe sukari na VVU. Akianza kuumia anapomeza chakula, huenda fangasi wameshashuka kwenye umio, na hapo aende hospitali siku hiyo hiyo.