Nukta za kaboni: je, kinachong'aa ni chembe kweli?

Swali: Ili kupata nukta za kaboni, yaani chembe ndogo mno za kaboni zinazong'aa zikimulikwa, nimepika asidi ya sitriki na ethilinidiamini ndani ya otoklevu (chungu cha chuma kinachofungwa kabisa), nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa 5. Nimepata maji ya kahawia yanayong'aa buluu kali chini ya taa ya urujuanimno, na kwa hesabu yangu ufanisi wa kwantamu (sehemu ya mwanga uliofyonzwa inayorudi kama mng'ao) ni asilimia 78. Nataka kuyatumia kupiga picha za seli, kisha kwenye paneli ya sola. Ila nikiyakausha, unga wake haung'ai. Nimekosea wapi?

Jibu: Katika upishi hujakosea. Mapishi yako yanafanana na yaliyochapishwa mwaka 2013, ambayo yalitoa ufanisi wa karibu asilimia 80. Ninachotilia shaka ni kama kinachong'aa ni chembe.

Kabla ya kugeuka kaboni, viungo vyako viwili huungana na kuwa molekuli ndogo inayong'aa buluu kwa nguvu. Molekuli hizo huelea pamoja na chembe, na nyingine hujibandika juu yake. Jicho haliwezi kuzitenganisha, na hata spektromita, kifaa cha kupima mwanga, hukupa jumla tu ya mng'ao wote.

Kwa hiyo safisha kwanza. Tia maji yako kwenye mfuko wa dayalisisi unaopitisha molekuli zilizo chini ya daltoni 1,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), uzamishe kwenye beseni la maji safi, na ubadilishe maji hayo mara kadhaa kwa siku mbili. Watu wengi humwaga maji ya nje. Usiyamwage! Yamulike, uyapime sambamba na yaliyobaki mfukoni. Nimewahi kuona mfuko ukififia huku beseni likiwaka kama taa, na aliyepika alikuwa ameshaandika ripoti yake. (Inachekesha, maana nukta hizi zilionekana mara ya kwanza kwa sababu ya kusafisha: mwaka 2004 watafiti wa South Carolina, Marekani, walikuwa wakitakasa mirija nano (mirija midogo mno) ya kaboni kutoka kwenye masizi, wakakuta uchafu wake unang'aa.)

Ndipo urudie hesabu. Kama kipimo chako cha kulinganishia ni kwinini salfeti, ambayo ufanisi wake ni asilimia 54 katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, zimua sampuli na kwinini yenyewe mpaka ufyonzaji (kipimo cha mwanga unaomezwa) wa kila moja ushuke chini ya 0.1. Kwinini ikiwa nzito, sehemu ya mwanga humezwa kabla haijafika katikati ya kijichupa, mng'ao wake unaonekana mdogo, na sampuli yako inapata sifa isiyostahili.

Kuhusu picha za seli, buluu ni rangi mbaya kuanza nayo. Seli zenyewe hung'aa buluu na kijani zikimulikwa na urujuanimno, na mionzi hiyo huzidhuru. Ungepata nafuu kwa chembe zinazong'aa nyekundu, kwa mfano zinazopikwa kwa fenilinidiamini, ingawa kiungo hicho ni sumu na mabaki yake lazima yaondolewe kwa uangalifu. Vyovyote utakavyochagua, piga picha tatu kwa mipangilio ileile ya hadubini: seli tupu, seli zenye chembe zilizosafishwa, na seli zilizowekewa yale maji ya beseni. Ya tatu husahauliwa mno, nayo ndiyo itakayokuumbua au kukutetea.

Unga kutong'aa ni jambo la kawaida. Chembe zikibanana hupokezana nishati hadi inapotea kama joto. Zitawanye ndani ya polima angavu, kama polivinili alkoholi, uikaushe iwe utando mwembamba, mng'ao utarudi. Utando wa namna hiyo unaweza kugeuza urujuanimno kuwa mwanga ambao silikoni ya paneli ya sola huutumia vizuri zaidi, mradi chembe zisifyonze tena mwanga zinaoutoa.

Lakini ukitaka chembe zenyewe zitoe elektroni, mathalani kwenye kichocheo cha kupasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni kwa mwanga, usitafute sampuli inayong'aa sana. Elektroni inayorudi mahali pake na kutoa mwanga ni elektroni uliyoipoteza. Hapo sampuli iliyofifia mfukoni, ile uliyotaka kuitupa, huenda ndiyo ya kujaribu kwanza.